Shimo la Kuingiza Mawe

Kwaru. Kisha kimya. Kisha tena, kwaru: kipande cha bati kikivutwa juu ya saruji na mtu asiyependa kusikika.

Orpha alifumbua macho, akakuta giza lile lile aliloliacha alipoyafumba. Umeme ulikuwa umekatika tangu jioni. Pembeni yake Ruphin, mumewe, alikoroma mkoromo wa mtu aliyetoka kiwandani mgongo ukimuuma. Chumba cha pili alilala mama mkwe wake, Mama Simone, pamoja na mtoto. Orpha alitega sikio, akaingoja ile sauti irudi. Haikurudi.

"Panya," alijisemea, akavuta kitenge mpaka mabegani, akalala.

Hakuwa panya. Lakini huko tutafika.

Nyumba yao iko Shituru, mjini Likasi, katika ule mstari wa nyumba za matofali walizojengewa wafanyakazi enzi za babu zetu, zote sura moja, kama watoto wa mama mmoja walioshonewa kitambaa kimoja. Kuta ni nzuri. Kichwa ndicho kibaya. Juu hakuna dari, ni bati tupu, manjanja kama tunavyoyaita Likasi, na mwezi wa kumi, mvua ikiwa bado inajivuta huko ilipo, manjanja yanageuka kikaango, na watu wa ndani ndio dagaa. Kufika mchana hata nzi wanatoka nje.

Mkubwa anavumilia. Jaël alikuwa na miaka minne. Joto lilimtoa damu puani, lilimfanya agome kula, lilimnyima usingizi wa mchana mpaka jioni akawa analia bila kujua analilia nini. Mwaka uliopita walimkimbiza hospitali midomo imekauka na macho yamezama, na daktari akawaambia mtoto asikae kwenye joto, kana kwamba joto ni jirani ambaye mtu anaweza kuacha kumtembelea. Waliwahi kununua feni. Feni nayo ilihitaji umeme, na umeme una mambo yake.

Habari hizo zilifika ziwa Tshangalele, kwenye kijiji cha wavuvi anakoishi Mama Simone, mama mzazi wa Ruphin. Mama Simone hakutuma ujumbe. Alipanda lori la samaki, akashuka mbele ya nyumba na mfuko mmoja tu, harufu ya ziwa ikiwa bado kwenye nguo zake, na hakuficha alichokifuata.

"Mutoto nitaenda naye ku ziwa," alisema kabla hata ya kunywa maji. "Kule kuko mupepo. Hapa munamuchoma sawa muhindi."

"Kwa muda gani, mama?" Orpha aliuliza.

"Muda kidogo tu, mama Jaël. Mvua ikishaanguka, nitamurudisha."

Huo muda kidogo Orpha aliujua. Ruphin mwenyewe, alipokuwa mtoto, alipelekwa kwa bibi yake kwa muda kidogo, akarudi sauti imekwisha kuwa nzito, akimwita mama yake mzazi "dada Simone". Kila Noeli stori hiyo ilisimuliwa mezani na watu wote walicheka. Wote isipokuwa Orpha. Na, ukimtazama vizuri, isipokuwa Mama Simone.

Usiku ule Orpha alimshika mumewe mkono. "Baba Jaël, unipatie nafasi. Chumba ya mutoto nitaipoza. Na bantu ya kalasi tuko na essai moja, kitu ya kujaribu."

Ruphin ni mtu mpole, anayependa kila mtu apate kidogo na asiwepo wa kununa. Asubuhi yake aliwaketisha wote wawili akakata shauri. Lori la samaki litapita tena kurudi ziwani Jumamosi ya wiki inayofuata. Kama siku hiyo chumba cha Jaël kimekuwa baridi kuliko chumba chao, mtoto atabaki. Kama hakijawa, ataondoka na bibi yake. Mama Simone akakubali kwa kichwa. Orpha naye akakubali, kama anayetajiwa tarehe ya mtihani.

Maana Orpha alikuwa mwanafunzi. Mchana aliuza mikate sokoni; jioni, vyombo vikishaoshwa, alitembea mpaka ukumbi wa parokia kusomea ujenzi, katikati ya wanaume wenye saruji kwenye suruali. Walikuwa wamemzoea. Mwalimu wao, Monsieur Stanislas, alikuwa na tabia ya kuvisemea vitu kama watu. Tofali lilikuwa na njaa ya maji, msumari ulikuwa na kiburi. Jioni moja, kabla Mama Simone hajafika, alileta jiwe mfukoni, akaliweka mezani.

"Huyu ni muntu muzito," alisema. "Anachelewa kupata moto, anachelewa kupoa. Ukimunywesha baridi bushiku kucha, mucana ataitoa pole pole, sawa muntu anapiga stori asiye na haraka."

Akawachorea ubaoni. Unachimba shimo chini ya sakafu. Unalijaza mawe makubwa kama ngumi, ili kati ya jiwe na jiwe ibaki njia ya hewa. Unaweka bomba moja fupi upande wa kivuli, mdomo wake uko nje karibu na ardhi, na bomba la pili refu linalotoka upande wa pili wa shimo na kupanda hadi juu ya bati. Usiku unafungua midomo yote miwili: hewa baridi inaingia chini, inapita katikati ya mawe, inatokea juu. Asubuhi, jua kabla halijachangamka, unafunga yote. Mawe yanabaki na baridi yao chini ya sakafu, na chumba kinapoa kutokea miguuni. Hakuna injini, hakuna umeme.

"Nani atatupa nyumba ya kujaribia?" Monsieur Stanislas aliuliza.

Mkono wa Orpha ulipanda kabla yeye mwenyewe hajaamua.

Basi mwisho wa juma wanakalasi walikuja na sururu. Walivunja sakafu ya chumba cha Jaël, wakachimba mpaka kiunoni, wakaleta mawe kutoka mtoni, kwa sababu mwalimu alikataa katakata mawe ya mgodini: vumbi lake, alisema, si la kulaza mtoto juu yake. Wakayaosha moja moja. Wakayapanga, wakayafunika kwa vibao vya saruji, wakaziba viungo vyote. Bomba fupi likapewa kifuniko cha bati, bomba refu likapewa kifuniko cha kuvuta kwa waya. Kila chumba kikatundikiwa kipimajoto chake ukutani. Orpha akamwambia mama mkwe wake neno moja tu kuhusu mabomba yale: "Mama, tafazali, usiyaguse." Akakimbilia mikate yake.

Sasa, Likasi, mtu akichimba ndani ya nyumba yake, watu hawaulizi anachimba kwa nini. Wanauliza amepata nini.

"Mama Jaël!" Mbombo, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliita juu ya uzio, uso ukimng'aa kama aliyealikwa harusini. "Minasikia muko na shimo mu nyumba."

"Iko."

"Na haukuniambia? Shiye tunaombana chumvi! Ni mukuba, ile shaba, ao kobalti?"

"Ni majibwe, Mbombo. Majibwe ya ku mto. Shiye hatutoe, tunaingiza."

Mbombo alicheka mpaka akaushika uzio kwa mikono miwili. "Likasi muzima bantu banatoa majibwe, weye njo unaingiza! Mama, ukitaka kunidanganya, ufanye kwanza uongo ya kupendeza kidogo."

Uongo au kweli, habari ilitembea. Siku haikuisha kabla wanaume wawili hawajasimama kwenye lango, wachimbaji wa machimbo ya Kamatanda, nyundo begani, adabu nyingi. Mmoja aliokota jiwe lililobaki uani, akalitemea mate, akalisugua kwenye suruali, akaligeuza juani akitafuta ile rangi ya kijani inayoufanya moyo wa mchimbaji uruke. Akaligeuza tena.

"Mama, hii ni ya bure. Walikudanganya."

"Najua ni ya bure, yaya," Orpha alijibu, akimwita kaka. "Minye nilitaka ya bure."

"Ya kufanya nini?"

"Ya kulala chini ya mutoto, apate baridi."

Wanaume wale walitazamana kama watu waliokutana na mwendawazimu mwenye heshima zake. Walishukuru, wakaaga. Mama Simone aliyaona yote kutoka kizingitini na hakucheka. Tangu siku hiyo alilitazama lile bomba fupi la nyuma ya nyumba kama unavyomtazama mbwa wa mtu usiyemjua.

Vipimo vikaanza. Kila jioni Orpha alifungua midomo ya mabomba kwa mkono wake, kila asubuhi aliifunga kwa mkono wake, akaenda sokoni. Akirudi, kabla hata ya kuweka beseni chini, alikwenda kusoma vipimajoto. Siku ya kwanza vyumba vyote viwili vilikuwa sawasawa. Si kitu, alijiambia, mawe ni wageni, hayajazoea. Siku iliyofuata chumba cha Jaël kilikuwa na joto kuliko chumba chao. Alikipiga kipimajoto kwa ukucha, kama vile kimelala. Siku iliyofuata mambo yakawa mabaya zaidi, na Jaël, aliyekuwa amejilaza kwenye ile sakafu mpya aliyoambiwa ni ya baridi, alitokwa damu puani mpaka ikadondoka kwenye saruji.

Mama Simone aliipangusa kwa kitambaa, akambeba mtoto akampeleka barazani. 

Monsieur Stanislas alikuja akachuchumaa, akaweka kiganja sakafuni, akakiacha hapo muda mrefu.

"Iko na moto," alisema. "Mama Jaël, bushiku munafungulaka kweli?"

"Minye mwenyewe, Monsieur. Na asubui minye mwenyewe minafunga."

"Basi labda ni minye. Labda shimo iko kadogo. Hii kazi niliifanyaka ku karatasi. Mu nyumba ya muntu, hii njo ya kwanza."

Alilisema waziwazi, na Orpha alitamani angelificha kidogo. Alimsindikiza mpaka langoni. Aliporudi alimkuta Ruphin akitafuta mifuko miwili ya safari, wa mama yake na wa mtoto, akaikung'uta vumbi, akaiacha juu ya kiti. Hakumtazama mkewe usoni. Orpha aliliona gauni la Jaël la njano likikunjwa na mikono ya bibi yake, Kambo kama mtoto alivyomwita, mikono isiyo na haraka, na akafikiria kitu kidogo cha kipuuzi: nani kule ziwani atajua kwamba mtoto huyu halali mpaka mtu amshike sikio?

Ijumaa unga ulimwishia mapema, mikate nayo ikaisha. Alirudi nyumbani jua likiwa utosini, wakati ambao hakuwahi kurudi wiki nzima. Lango lilikuwa wazi. Alisikia kitu nyuma ya nyumba, fu, fu, fu, akazunguka.

Mama Simone alikuwa amepiga magoti mbele ya bomba fupi. Kifuniko cha bati kilikuwa kimewekwa pembeni. Mikononi alishika ungo wa kupepetea unga, na kwa ungo ule alikuwa anapepea, kwa nguvu zake zote, jasho likimtiririka shingoni, akiisukuma hewa ya mchana ile, hewa ya moto kama pumzi ya tanuri, iingie kwenye mawe.

"Mama!" Orpha alisikia sauti yake ikipanda mahali ambapo haijawahi kupanda mbele ya mama mkwe. "Unafanya nini?"

"Minapatia mutoto hewa," alisema Mama Simone, bila kuacha kupepea.

"Basi ni weye! Wiki muzima ni weye! Unataka essai yangu ikufe, upate kwenda na mutoto wangu!"

Kichwa cha Mbombo kilichomoza juu ya uzio, kikaona nyuso zile, kikashuka polepole kama jua.

Mama Simone aliuweka ungo chini. Hakukasirika. Alijikalia palepale kwenye udongo, miguu ameinyoosha mbele kama mwanamke aliyemaliza kupalilia, akapangusa uso kwa upindo wa kitenge.

"Unajua Cédrick alikufaka namna gani?"

Cédrick alikuwa mdogo wake Ruphin. Orpha hakuwahi kumwona, ila picha yake ilikuwa sebuleni, amevaa miwani ya kuazima. Kwenye familia walisema tu kwamba shimo la Kamatanda lilimla.

"Bantu banasema shimo ilimuangukia," Mama Simone alisema. "Hapana. Shimo ilikuwa muzima. Ni hewa njo iliisha. Mu shimo, muntu akiwa ndani, mwenzake anabakia juu kumupepelea hewa mu bomba ya mupira. Yule mwenzake alisikia njaa. Alienda kukula. Mutoto wangu walimutoa hana hata kidonda moya."

Orpha aliutazama ungo uliolala kati yao.

"Mucana, muntu akiwa pa shimo, unamupa hewa. Bushiku, bantu bakirudi nyumbani, unaifunga, mwizi asiingie na mutoto asianguke. Njo vile tunafanyaka. Weye unafunga mucana, Jaël akilala pale juu. Ningefanya nini? Ukienda ku soko, nafungula yote mbili, na mbele ya kurudi kwako nafunga. Mukilala, natoka, nafunga. Na mbele ya kucha nairudisha vile uliiacha. Nyumba ni yako, sikutaka kukuvunjia heshima."

Kwa hiyo ilikuwa hivyo, hata ile kwaru ya usiku. Usiku, wakati mawe yalipotakiwa kunywa baridi, yalifungwa mdomo. Mchana, wakati wa kufungwa, yalinyweshwa moto, na kwa ungo juu yake. Wiki nzima wanawake wawili walikuwa wamelihudumia shimo moja, kila mmoja kwa mapenzi yake yote, mmoja akijenga na mwingine akibomoa.

Orpha naye alijikalia chini, karibu yake, miguu mbele. Alikuwa amemweleza Mbombo habari ya mawe. Alikuwa amewaeleza hata wachimbaji wa Kamatanda, watu wa njiani. Mwanamke aliyelala juu ya shimo hilo kila usiku akimkumbatia mtoto, huyo alikuwa amemwambia asiguse.

"Mama," alisema, "mangaribi ikifika, nataka nikuonyeshe kitu. Ukiona haifai, kesho utaenda na mutoto, na minye mwenyewe nitamubebea mufuko mpaka ku lori."

Jua lilipozama na ubaridi ulipoanza kushuka kutoka vilimani, Orpha alichukua kigunzi cha hindi jikoni, akakiwasha, akakipulizia mpaka moto ukafa ukabaki moshi. Alivuta waya wa bomba refu, akalifungua lile fupi, akamwita mama mkwe wake achuchumae. Moshi ulipanda wima kidogo, kama moshi wowote. Kisha ukasita. Kisha ukainama, ukanyooka kuelekea mdomo wa bomba, ukaingia wote, kama uzi unaomezwa na sindano.

Mama Simone aliurudisha mkono nyuma. "Nani anavuta?"

"Hakuna muntu. Majibwe iko na moto, hewa yenye kuwa katikati yake inakuwa nyepesi, inapanda ku bomba ile ya mulefu. Ikitoka, hewa ya baridi ya huku inje inaingia pa nafasi yake. Angalia juu."

Walirudi nyuma hatua chache, wakatazama kule bomba refu lilipokata mbingu iliyokuwa bado na mwanga. Walingoja. Jaël alikuja akajipenyeza katikati ya miguu yao. Halafu ukatokea, mwembamba, wa kijivu, moshi wa kigunzi chao, umepita chini ya chumba chote ukatokea juu ya bati.

Mama Simone aliufuata moshi kwa macho mpaka ukapotea.

"Haichoke?" aliuliza.

"Haichoke, mama. Bushiku kucha."

"Haiendake kukula?"

"Haiendake kukula, mama."

Waliingia ndani na taa. Orpha alimwonyesha vibao vya saruji na viungo vyake vilivyozibwa, akapitisha kidole kwenye kila mstari, akamwekea na kile kigunzi kwenye pembe zote nne: moshi haukuvutwa popote. Kilicho chini kilikaa chini. Hewa ya kupumua mtoto ilitoka dirishani na mlangoni, kama siku zote.

"Jaël hayuko mu shimo," alisema. "Iko juu yake tu, sawa vile tuko juu ya udongo."

"Nimesikia," alisema Mama Simone. "Sikatae. Lakini kesho, ukishafunga, minye njo nitalala pale kwanza, na mutoto abakie na weye. Nikiamuka, tutaongea."

Usiku ule hakuna aliyegusa kifuniko. Orpha alijua, kwa sababu hakulala vizuri.

Jumamosi alifunga mabomba mapema na hakwenda sokoni. Jua likapanda na kazi yake. Bati likaanza kulia, tik, tik, kama linavyolia likinyooka kwa moto. Mchana ulipoiva, Ruphin aliingia chumba hiki akatoka, akaingia kile akatoka, akarudia tena yote mawili.

"Kwa mutoto iko chini," alisema. "Nyuzi tatu. Labda tatu na nusu."

"Tatu tu?"

"Tatu."

Orpha alikuwa ameota saba. Lakini mawe yalikuwa yamelishwa moto wiki nzima na kunywa baridi usiku mmoja tu, na bado yalikuwa yametoa tatu. Alivua viatu akasimama katikati ya chumba. Baridi ilipanda kupitia nyayo, ndogo, tulivu, kama mtu anayekusalimu kwa sauti ya chini. Kwa shauri la Ruphin ilitosha: kipimajoto kilikuwa kimesema. Ila Orpha alijua kwamba tangu jana si kipimajoto tena kilichokuwa kinangojwa kuhukumu. Hakutaka mtoto abaki kwa nyuzi tatu na bibi yake aondoke na ile hofu ndani ya lori.

Mama Simone alivua kilemba, akakikunja, akakiweka chini. Akajilaza ubavu juu ya saruji tupu, bila mkeka, shavu karibu na sakafu kama anayeisikiliza. "Endeni," alisema.

Wakatoka. Orpha alikaa barazani na Jaël mapajani, akimpepea kwa kipande cha katoni. Alijaribu kumsimulia kitu, akasahau alikuwa anasimulia nini. Ndani hakukuwa na sauti. Mtoto alijinyonganyonga, akateleza, akaondoka, na Orpha alidhani amekwenda kunywa maji.

Honi ililia barabarani, ndefu, ya kujigamba. Lori la samaki lilisimama mbele ya lango, tupu, na Doudou, dereva wake, akaruka chini akijipangusa shingo kwa kofia.

"Mama Simone!" alipaza sauti akiingia uani. "Barabara hainingojee! Mutoto iko tayari?"

Ruphin alikuwa ameshauchukua mfuko wa Jaël kutoka kwenye kiti. Alisimama nao katikati ya baraza, asijue aupeleke upande gani. Orpha aliinuka, akaenda mpaka mlango wa chumba.

Mama Simone alikuwa vilevile walivyomwacha, ubavu, shavu chini. Hakutikisika kwa honi wala kwa kelele za Doudou. Orpha alishika mwimo wa mlango. Kisha aliliona bega likipanda, likashuka. Likapanda tena. Mdomo ulikuwa wazi kidogo, paji la uso kavu, halina tone la jasho, na kutoka kooni mwake ulitoka mkoromo mwembamba ambao Orpha aliufahamu vizuri, kwa kuwa Ruphin alikoroma vilevile kando yake kila usiku. Jaël alikuwa amechuchumaa karibu na kichwa cha bibi yake, amemshika sikio.

"Mama Simone!" Doudou aliita tena, sasa akiwa barazani.

Jaël aliinuka, akampita mama yake, akatoka hadi mlangoni na miguu yake mitupu, akamtazama dereva kwa ukali.

"Kambo iko nalala," alisema.